Makaburi ya mawe ya Korea: Gochang au Ganghwa?

SWALI: Anti, shikamoo. Niko Seoul kimasomo, na mama anakuja kunitembelea mwezi wa nne. Ni mwalimu mstaafu wa historia, na tayari kwenye simu ameulizia yale makaburi ya mawe ya kale. Nasikia Gochang kuna makumbusho yake, ila wenzangu wa bwenini wanasema nitamsumbua mzee bure kwenda kuangalia mawe. Goti lake nalo linamuuma. Nimpeleke?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpeleke. Hao wenzako ukiwabana utakuta wengi hawajafika.

Goti likiwa baya kweli, nendeni Ganghwa, kisiwa kilichounganishwa na bara kwa daraja, si mbali na Seoul. Pale Bugeun-ri kuna dolmeni moja kubwa (ndilo jina la makaburi hayo ya mawe) kwenye uwanja wa nyasi: mawe mawili yamesimamishwa, yamebeba bamba la urefu wa mita 7 na upana wa mita 5 na nusu. Makumbusho ya historia yako jirani. Mkimaliza mnarudi Seoul siku hiyohiyo.

Lakini mimi ningekwenda Gochang. Huko makaburi ni mamia, yamejipanga chini ya vilima vya Jungnim-ri na Sanggap-ri, mengi yamejilaza kwenye nyasi kama ng'ombe wanaocheua. Ni ya milenia ya kwanza kabla ya Kristo, na mwaka 2000 UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia pamoja na ya Ganghwa na Hwasun.

Anzeni makumbusho, msianze nje. Bila hivyo wenzako watakuwa wamesema kweli: mtaona mawe tu. Ndani mwambie mama atazame jinsi kazi ilivyofanyika. Wanaakiolojia wanaeleza kwamba mafundi walitoboa vitundu kwenye mwamba, wakapigilia kabari za mbao kavu, wakazimwagia maji. Mbao ikivimba, mwamba unapasuka. Bamba likaburutwa kwa kamba juu ya magogo. Kulipandisha je, na winchi hakuna? Mawe ya miguu yalifukiwa kwa udongo mpaka usawa wa vichwa vyake, bamba likavutwa juu ya mteremko huo, halafu udongo ukaondolewa. Yapo mabamba ya Gochang yanayokadiriwa kufika tani 300! Ndiyo maana wataalamu wanasema waliozikwa humo hawakuwa watu wa hivihivi: mtu wa kawaida angewapata wapi wavutaji wote hao, na angewalisha nini? Mwachie mama swali hilo, utaona atakavyochangamka.

Akiuliza mifupa iko wapi, mwambie udongo wa Korea una asidi, mingi imekwisha kuoza. Vilivyobaki makaburini humo ni majambia ya mawe yaliyosuguliwa, vyungu vyekundu, shanga, mara chache jambia la shaba.

Usafiri: basi la Gochang linaondoka Seoul kwenye kituo cha mabasi ya Honam, yaani ya kusini-magharibi, safari ya saa tatu na zaidi kidogo. Kutoka mjini Gochang chukueni teksi, ni karibu. Wekeni usiku mmoja hukohuko. Kwenda na kurudi siku moja kutalimaliza goti. Nje, fuateni njia ya chini inayopita kando ya mawe, msipande vilimani. Na msiende Jumatatu, makumbusho hufungwa.