Dada, mwanao anacheza na nani?

Dada, shikamoo. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu. Unasema mpwa wangu amekuwa hodari wa mpira wa vinyoya, yaani badminton, hapo Dar, mwalimu wake anamtaka acheze wawili wawili, na shemeji ameshaanza kuulizia bei ya kile kiwanja cha Kigamboni ili kijana aje huku Denmark kuwa mchezaji wa kulipwa. Umeniomba nikwambie ukweli, kwa kuwa mimi ndiye niliye huku. Kiwanja msikiuze. Nisikilize kwanza.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni ukumbi wa michezo. Alfajiri nafungua milango na kupiga deki, jioni nafunga nyuzi za raketi ili nipate cha kuongezea. Brøndby, ambako timu ya taifa hufanyia mazoezi, si mbali na kwangu. Desemba jua linazama saa tisa na nusu alasiri, na giza likishaingia ndipo watoto wanapoanza kumiminika na mikoba yao mirefu. Nchi hii ina watu kama milioni sita tu, lakini hata miji midogo ina ukumbi wenye mistari ya badminton, na wazazi wengi wanafundisha bila malipo. Mchezaji wa huku analelewa na klabu yake tangu akiwa mdogo. Mpwa wangu akija na miaka yake 17 hana klabu inayomjua. Ataishi kama ninavyoishi mimi: kazi ya usafi kwanza, mazoezi baadaye, mwili ukiwa umekwisha.

Fedha zipo, sikufichi. Mashindano ya Denmark Open ya 2024, kule Odense, ilikuwa na zawadi za dola 850,000 kwa jumla. Bingwa wa mmoja mmoja hupata asilimia 7, yaani dola 59,500. Mabingwa wa wawili wawili hupata asilimia 7.4, yaani dola 62,900, na hizo ni za watu wawili. Gawanya mwenyewe: 31,450 kila mmoja, kabla ya kodi. Hao ni mabingwa, dada. Kwenye mashindano madogo, ambako kila anayeanza lazima apitie, zawadi haifiki hata nauli. Mashindano ya ubingwa wa dunia hayana zawadi ya fedha kabisa, ni medali tu. Na huwezi kukaa nyumbani, maana nafasi katika orodha ya ubora ya dunia huhesabiwa kwa matokeo kumi bora ya wiki 52. Ni kupanda ndege kwenda Malaysia, Indonesia, China na Japani, mwaka baada ya mwaka.

Ila kinachonifanya nikuandikie kwa urefu hivi si fedha. Orodha ile kwenye wawili wawili inaandika jozi. Mwenzako akiumia, nawe kazi imesimama.

Huku kulikuwa na jozi ya Mathias Boe na Carsten Mogensen. Walichukua ubingwa wa mashindano makubwa ya All England, Uingereza, mwaka 2011, na mwaka uliofuata wakapata medali ya fedha ya Olimpiki London, wakifungwa fainali na Wachina Cai Yun na Fu Haifeng. Januari 2014, wakiwa Korea Kusini mashindanoni, Mogensen akaanguka, damu imevuja kwenye ubongo. Mtu mzima wa miaka thelathini! Boe alikuwa mzima wa afya, mkono wake wa kushoto anaochezea una nguvu zilezile, lakini jozi ilikuwa imelala hospitali. Mogensen alipona, wakarudi, na Machi 2015 wakaichukua All England tena. Kila nikiwaza habari hiyo nasisimka. Boe alistaafu 2020, akaenda kuwafundisha Wahindi Satwiksairaj Rankireddy na Chirag Shetty, ambao mwaka 2023 walifika namba moja duniani.

Sasa dada, umenieleza habari za mwanao tu: mruko wake, pigo lake, vikombe vyake. Hukuniambia anacheza na nani. Huyo mwenzake ni mtoto wa nani, wanasoma pamoja, wanagombana wakifungwa? Mmoja akikosea, mwingine anamtazama vipi? Nimewaona vijana wenye vipaji vikubwa wakiachana hapa ukumbini kwa jicho moja tu lililotupwa vibaya.

Mimi ningeanza na Kampala. Kuna mashindano ya Uganda International, na basi kutoka Dar linafika. Waende wote wawili, si mwanao peke yake, wacheze na wageni, warudi shule. Nauli yao nitachangia, mwambie shemeji hivyo. Na Desemba kuna jamaa anashuka Dar. Nimempa raketi mbili, nyuzi nimefunga mwenyewe. Moja ya mpwa wangu, nyingine ya mwenzake.