Fundi, Ninunue Tuwili au Fowili?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama mfugaji wa huku Keringet. Kila alfajiri nakusanya maziwa ya majirani bondeni, mitungi minane ya lita 50, nayapeleka kituo cha kupozea kilicho kando ya lami. Pikapu ninayokodi ni ya mtu, na mwenyewe amenichosha kwa visingizio. Msimu wa viazi ningependa pia kubeba magunia yangu hadi Nakuru. Nimeonyeshwa gari mbili kwa bei ileile: Hilux ya tuwili, inayosukumwa na magurudumu mawili, na D-Max ya fowili, inayosukumwa na yote manne, iliyoizidi umri kwa miaka mitano. Mume wangu anataka ile changa. Kaka yangu anasema huku bila fowili ni kujidanganya. Nichukue ipi?
Mfugaji, Keringet

JIBU: Marahaba, mama. Nimekusoma nikacheka, maana kesi ya mume na kaka nimeiamua hapa gereji mara nyingi, na kawaida wote wawili huwa hawajauliza gari linaenda kufanya kazi gani.

Tuanze na utelezi wenyewe. Injini ya pikapu iko mbele, na nyuma ni bodi tupu. Tuwili inasukumwa na magurudumu ya nyuma, yaani kule kwepesi. Ndiyo maana pikapu isiyo na kitu hucheza ngoma kwenye kamlima ambako jana ilipita na tani ya viazi kimya kimya: mzigo ulikuwa umeyakandamiza yale magurudumu yakauma udongo. Wazee waliokuwa na pikapu za Peugeot 504 walilijua hili. Gari lile lilikuwa tuwili na lilizunguka nchi hii mpaka vijiji visivyo na barabara ya maana. Dereva akirudi bila mzigo wakati wa mvua alitupia nyuma magunia mawili matatu ya mchanga, juu ya ekseli kabisa, akaenda zake. (Tena 504 ya saluni ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikisukumwa na magurudumu mawili hayo hayo. Wanaoniambia gari bila fowili si gari huwa nawakumbusha hilo, hata wasiponiuliza.)

Kwa hiyo ungekuwa na viazi peke yake, ningekuambia umsikilize mumeo. Kiazi kikivunwa kinaweza kulala kivulini siku mbili tatu, njia ikikauka unapakia magunia yako 20 ya kilo 50 unashuka Nakuru. Na fowili ina vyuma vyake vya ziada: difu ya mbele (zile gia zinazogawia magurudumu nguvu), propela shafti ya pili (chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye difu), gia ndogo. Ukivijumlisha unafika kilo 100 na ushei. Hayo ni magunia mawili unayoyabeba kila siku ya mwaka bila mtu kukulipa, na mafuta ni yako.

Lakini umetaja maziwa. Maziwa hayangoji jua likaushe njia. Ukikwama bondeni saa kumi na mbili ukatoka saa nne, kituoni watayapima kwa spiriti, yataganda kwenye kile kichupa, na utarudi nayo kwa majirani ambao watoto wao wanangoja karo. Tena wewe unashuka na mitungi mitupu, gari likiwa jepesi, halafu unapanda na zaidi ya kilo 400. Udongo wa huko Kuresoi ukinyeshewa usiku wa Aprili, kufika asubuhi ni sabuni. Chukua fowili. Kaka yako ameshinda, ila kwa sababu ambayo hakuitaja.

Sasa ngoja, maana hapa ndipo watu wanapolia. Iwe fowili ya kweli.

Mimi mwenyewe, fundi mzima, niliwahi kuuziwa fowili ya jina. Nilikuwa nimepita Elburgon jioni, mvua ya mawe imetoka kunyesha, nikafika mahali pa kupanda nikavuta gia hadi 4H, yaani fowili ya mwendo wa kawaida. Taa ya dashibodi ikawaka vizuri, ya kijani. Nikakanyaga mafuta: tairi za nyuma zinarusha matope hadi kwenye kioo, za mbele zimekaa kama wageni wa arusi. Nikatandika gunia, nikaingia chini na tochi mdomoni. Pale propela shafti ya mbele ilipopaswa kufungwa niliona matundu manne ya bolti, yamezibwa na grisi iliyochanganyika na udongo. Shafti yenyewe haikuwepo. Aliyeniuzia alikuwa ameing'oa krosi, vile viungo vya ncha zake, zilipoanza kugonga, na badala ya kununua krosi akaona heri auze gari. Lakini gia inaingia, taa inawaka, kwa nini nisiamini? Nililala ndani ya gari, asubuhi nikavutwa na trekta la jirani aliyekataa pesa, akasikiliza tu maneno yangu machungu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, ingia chini, au mtume kijana aingie, mhesabu propela shafti, ya mbele na ya nyuma. Kisha mwambie muuzaji mwende uwanja wa nyasi au murram, si lami. Kama hubu za mbele, pale katikati ya magurudumu, ni za kufunga kwa mkono, zifungwe zote mbili. Tia 4H, kata usukani mpaka mwisho, endesha taratibu. Gari linatakiwa kugoma kidogo, lijivute kama punda asiyetaka kona. Likizunguka laini kama kawaida, ujue mbele hakuna kitu. Baada ya hapo chungulia nyuma ya magurudumu ya mbele uone ile mipira inayofunika jointi. Uliopasuka utaujua kwa grisi iliyotapakaa kila mahali, na jointi iliyokula mchanga haina siku nyingi. Tairi nne ziwe saizi moja. Kwa fowili hili si urembo.

Halafu usitarajie muujiza. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwa gurudumu linalozunguka kirahisi, yaani lile lililo hewani au kwenye tope. Moja la mbele likizunguka bure na moja la nyuma likizunguka bure, umekwama na fowili yako. Muulize kama difu ya nyuma ina loki, ya kuyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Kama haina, weka tairi zenye meno marefu. Mimi heri tuwili yenye tairi mpya za matope kuliko fowili yenye vipara. Na unapoteremka bondeni tia 4L, yaani fowili ya ile gia ndogo, na gia ya kwanza, uache injini ilishike gari, mguu uwe mbali na breki. Fowili inakusaidia kwenda. Kusimama utasimama kama sisi wengine, kwa breki zilezile.

SWALI: Fundi, niko Ahero na pikapu ya fowili ya kubebea mchele. Tangu mvua ianze naiacha 4H hadi Kisumu ili niwe salama. Nikikata kona kuingia petroli, usukani unakuwa mzito, tairi zinalia, na chini kuna kitu kinagonga. Ni bushi?
Mkulima, Ahero

JIBU: Ndugu yangu, toa hiyo 4H leo. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele huzunguka mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye fowili ya pikapu nyingi, shafti ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja, kwa hiyo tairi fulani lazima iteleze ili deni hilo lilipwe. Kwenye udongo mweusi wa huko kwenu Kano inateleza bila shida. Kwenye lami haiwezi, na nguvu hiyo inakwenda kuvunja krosi na meno ya gia. Kuna magari yaliyoundwa kukaa fowili siku zote, kama Land Rover Defender, yana difu nyingine katikati. Lako si mojawapo. Ukiona gia inakataa kutoka, rudi nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka, italegea. Likiendelea kugonga ukiwa kwenye 2H, yaani tuwili, basi ndiyo, tuangalie krosi.

SWALI: Nina hadwea hapa Nakuru mjini, napeleka saruji na mabati hadi Bahati. Tuwili au fowili?
Mfanyabiashara, Nakuru

JIBU: Tuwili, ile ya chini. Vijana wako watakushukuru kila wanapopandisha mfuko wa kilo 50 kwenye bodi iliyo kiunoni badala ya kifuani. Pesa itakayobaki nunua turubai zito, maana kwenye hiyo safari saruji itaharibiwa na mvua ya saa tisa kabla haijaharibiwa na matope.