Jibu: Lacock na familia ya Talbot

Mkuu, umeuliza kama ni kweli kijiji kizima cha Lacock, kule Wiltshire, Uingereza, kilikuwa mali ya familia moja. Karibu chote, ndiyo. Abasia ya hapo, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa na Ela, Countess (mwanamke wa cheo cha kikabaila) wa Salisbury, mwaka 1232, kwa ajili ya watawa wa kike. Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa, William Sharington aliinunua akaigeuza makazi yake. Mpwa wake Olive aliolewa na John Talbot, na mali ikaingia ukoo huo.

Katika ukoo huo, anayenivutia zaidi ni William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha. Agosti 1835 alipiga picha ya dirisha moja ndani ya abasia, na negativu yake (picha ya awali ambamo mwanga na giza vimegeuzwa) ipo hadi leo. Ni ndogo kama stempu, lakini mwenyewe aliandika kwamba ilipokuwa mpya, ukitumia lenzi uliweza kuhesabu vioo vidogo vya dirisha, kama 200 hivi!

Mwaka 1944 Matilda Talbot aliikabidhi abasia pamoja na kijiji kwa National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majengo na maeneo ya kale. Ndiyo maana kijiji kile bado kina sura ya kale: nyumba hazikuuzwa mojamoja, na wapangaji wanaishi humo mpaka sasa.