Dartmoor kwa Miguu: Soma Mito Kabla ya Kuhesabu Kilomita

Ukiitazama Dartmoor kwenye ramani utaiona ndogo. Hifadhi yote, iliyotangazwa mwaka 1951 katika kaunti ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ina kilomita za mraba 954, na kilele chake kirefu kuliko vyote, High Willhays, kina mita 621. Kwa tarakimu hizo watu hupanga kilomita 25 kwa siku, halafu saa nane mchana wanajikuta nusu ya njia, viatu vimejaa tope na mbele yao kuna mto usiovukika.

Kinachowashinda si vilima, ni maji. Princetown, mji mdogo ulio katikati ya nyika hii, hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Chini ni mwamba wa graniti usiopitisha maji, juu yake ni udongo wa mboji unaonyonya kama sponji. Mboji ikishashiba, kila tone linalofuata hukimbilia mtoni. Ndiyo maana kijito kilicholowesha vifundo vyako asubuhi kinaweza kukufika mapajani mchana, hata kama pale ulipo haikunyesha: mvua imenyesha kwenye chanzo.

Basi kabla ya kuhesabu kilomita, chukua ramani ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza) namba OL28 ya kipimo cha 1:25,000 (sentimita 4 ni kilomita 1) na utie alama kila mahali njia yako inapokata mstari wa buluu. Kwa kila alama jiulize: pana daraja, pana mawe ya kukanyagia, au ni kivuko tu cha kupita majini kwa miguu? Daraja ni salama karibu siku zote. Mawe ya kukanyagia yakiwa yamefunikwa na maji, hilo ni jibu tosha; usianze kuyatafuta kwa fimbo. Kivuko kitupu kiandikie njia mbadala kabla hujatoka nyumbani, na ujue daraja la karibu liko umbali gani, kwa sababu kuzunguka kunaweza kukuongezea saa mbili.

Ikikubidi kuvuka kwa miguu, chagua pale mto ulipotanuka na maji yanakwaruza kokoto. Pembamba panavutia kwa sababu ukingo wa pili uko karibu, lakini maji yaliyobanwa huwa na kina na nguvu zaidi. Fungua mikanda ya kifua na kiuno ya begi ili ukianguka uweze kulivua. Elekea kule maji yanakotoka, weka fimbo mbele yako, sogeza kitu kimoja kwa wakati: fimbo, mguu, mguu. Usivue viatu, mawe ya chini yana utelezi na kidole kilichovunjika hakitembei. Maji yakipita goti, rudi. Maji ya kahawia yanayobeba povu na matawi yanamaanisha mto ungali unapanda, na hapo hata kina cha goti ni kingi.

Kuhusu mwendo, kanuni ya kawaida ni kilomita 5 kwa saa, na dakika 10 za nyongeza kwa kila mita 100 za kupanda. Dartmoor kanuni hiyo inafaa kwenye njia za changarawe tu. Kwenye vishungi vya nyasi vya nyanda za juu, ambako kila hatua ama unakanyaga kichwa cha shungi kinachoyumba ama unatumbukia katikati, hesabu kilomita 2 kwa saa na usione aibu. Kuna sehemu za kaskazini ambako mwindaji mmoja, Frank Phillpotts, alichimbisha vijia kukata mboji hadi kwenye udongo mgumu ili farasi wapite. Vimewekewa nguzo fupi za graniti kwenye miisho yake na vinaokoa muda mwingi, ukiviona.

Ardhi yenyewe husema wapi pa kukanyaga. Vichaka vifupi vya heather, vyenye maua ya zambarau mwezi wa Agosti, hupenda pakavu. Vifuate hata kama vinakuzungusha kidogo. Makangaga nayo huota kwenye udongo wenye kina usiotuama maji, ila mara nyingi yanaficha mawe ya kuvunjia kifundo. Majani ya mafunjo ni tope la kawaida, utalowa tu. Pamba nyeupe zinazopepea juu ya nyasi zinaonyesha mboji iliyojaa maji. La kuogopa ni zulia nyororo la kuvumwani ya kijani kinachong'aa, tambarare, lisilo na hata kishungi kimoja: hilo linaelea juu ya maji. Ukiona ardhi inatikisika mita moja mbele ya mguu wako, geuka kwa nyayo zilezile ulizokujia. Bonde la Fox Tor Mires, kusini ya Princetown, limejaa pa namna hiyo, na kwa mgeni ushauri wetu ni mmoja: lizunguke.

Sasa mawe ya kale, yaliyosimamishwa na watu wa zamani, ambayo ndiyo yanayowaleta wengi. Kosa la kwanza ni kuja na picha ya Stonehenge, yale mawe makubwa mashuhuri ya Uingereza, kichwani. Mawe mengi ya hapa hayafiki goti. Ukija Julai kuyatafuta kwenye miteremko yenye makangaga, utapita mita 5 kando yake bila kuyaona, maana makangaga hufika mabegani. Miezi mizuri ni kuanzia Novemba hadi Aprili, asubuhi au jioni, jua likiwa chini na kila jiwe likitupa kivuli kirefu. Ni miezi ya mvua na siku fupi pia. Desemba jua huzama mapema, kama saa kumi na robo jioni. Merrivale, kando ya barabara ya B3357, haina shida ya makangaga. Kondoo na farasi wadogo wamenyoa nyasi mwaka mzima, na safu mbili za mawe zinaonekana wazi, moja ya mita 182 na nyingine ya mita 263, kila moja ikiwa na mistari miwili, huku mfereji mdogo wa maji ukipita kati yake. Anza hapo ili jicho lizoee ukubwa wa mawe haya.

Kwa mtu mwenye nusu siku, tunapenda zaidi mzunguko wa Scorhill, nje ya kijiji cha Gidleigh. Unaacha gari mwisho wa kijia, unapanda kidogo, kisha unashuka hadi duara la mawe la Scorhill, lenye upana wa takriban mita 26. Halina uzio wala kibanda cha tiketi. Kutoka hapo shuka hadi mto North Teign, ambako kuna jiwe liitwalo Tolmen lenye tundu kubwa la mviringo lililotobolewa na maji yenyewe yakizungusha kokoto. Tundu hilo linatosha mtu kupita, na watu hupita, lakini angalia kwanza kimo cha maji chini yake. Kisha rudi hatua chache, vuka kijito cha Wallabrook kwa daraja la bamba moja la graniti, halafu North Teign yenyewe kwa daraja la Teign-e-ver. Panda ukifuata ukuta wa mashamba ya Batworthy hadi Shovel Down, penye safu kadhaa za mawe na, kusini zaidi, jiwe refu liitwalo Longstone, zaidi ya mita 3. Rudi kwa kupitia Kes Tor, mwamba wa mita 437. Yote ni kama kilomita 7. Tenga saa tatu na nusu. Uzuri wake ni kwamba mito yote miwili ina madaraja.

Grimspound ndiyo inayoeleweka upesi kuliko zote: ukuta wa mviringo na ndani yake mabaki ya nyumba 24 za Zama za Shaba. Mwaka 1894 watafiti walisimamisha tena sehemu ya mawe, kwa hiyo si yote unayoyaona yamekaa hivyo tangu zamani. Mlango wa asili unaelekea upande wa juu wa mlima. Wengi huingilia kwenye pengo la upande mwingine wakidhani ndio mlango.

Usidanganywe na marundo yaliyo kandokando ya vijito. Yakiwa marefu, sambamba, chini ya bonde, ni takataka za wachimba bati wa enzi za kati na baadaye. Kaburi la kale ni tuta la duara, mara nyingi na sanduku la mabamba ya mawe katikati, na masanduku mengi yameelekezwa kaskazini-magharibi na kusini-mashariki. Usiondoe wala usipange upya jiwe lolote. Mabaki haya ya kale yanalindwa na sheria.

Ukungu hushuka ndani ya dakika chache. Simu ina ramani, lakini mtandao hukatika mabondeni, baridi humaliza betri, na kioo kilicholowa hakisikii kidole. Beba dira na ujue kuhesabu hatua: mtu mzima hukanyaga mguu wa kulia mara 60 hadi 65 kwa mita 100 za tambarare, na zaidi ya 75 kwenye vishungi. Jipime kabla. Kuta za kale za mashamba, zinazoonekana kama matuta marefu yaliyonyooka, ni msaada mkubwa ukungu ukishashuka, kwa sababu zimo kwenye ramani na huwezi kuzikata bila kujua.

Kaskazini kuna maeneo matatu ya mazoezi ya jeshi: Okehampton, Merrivale na Willsworthy. High Willhays imo ndani ya la kwanza. Mipaka ina nguzo nyekundu na nyeupe. Bendera nyekundu ikipepea mchana, au taa nyekundu ikiwaka usiku, huingii. Ratiba ya kufyatua hutangazwa mapema mtandaoni, isome siku moja kabla. Chuma chochote usichokijua, usikiguse.

Kulala nje kunaruhusiwa kwa begi na hema dogo, na Mahakama ya Juu Kabisa ya Uingereza ilithibitisha haki hiyo Mei 2025. Lakini si kila mahali: mamlaka ya hifadhi ina ramani ya sehemu zinazokubalika. Usilale zaidi ya usiku mbili mahali pamoja, kaa zaidi ya mita 100 kutoka barabarani, na moto wa kuni hapana kabisa, kwa kuwa mboji huungua chini kwa chini. Maji ya kijito chemsha au chuja hata yakiwa maangavu. Mzoga wa kondoo huenda uko mita 50 juu yako.

Asiye na gari apande treni kutoka Exeter hadi Okehampton, njia iliyofunguliwa tena Novemba 2021, au ashuke Ivybridge kwa upande wa kusini. Kabla ya safari tuma neno «register» kwenda 999 ili uweze kuomba msaada kwa ujumbe pale sauti isipopita. Ukipiga simu, omba polisi kwanza, kisha waokoaji wa milimani.

Jioni kagua kupe: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kwenye mstari wa nywele. Mng'oe kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, ukivuta moja kwa moja bila kumkamua wala kumpaka mafuta. Andika tarehe. Wekundu unaotanuka kati ya siku 3 na 30 baadaye unahitaji daktari, na umwambie ulikuwa Dartmoor.