Fundi Ajibu: Nimeona kadi ya grafiki RTX 3060 Mombasa, itaifaa laptopu yangu?

*Asalaam aleikum fundi. Mimi napiga video za harusi hapa Lamu, mashine yangu ni ThinkPad T480 ya mtumba, prosesa i5-8250U, ramu 8. Mwaka huu nimebadilisha kamera nikachukua inayopiga 4K, na tangu hapo kazi imekuwa adhabu, nikiweka klipu kwenye DaVinci Resolve, programu yangu ya kuediti, nikigonga icheze inasonga kidogo inakwama, inasonga inakwama, mpaka bwana arusi ananipigia simu kuuliza video yake iko wapi. Sasa kuna jamaa Mombasa anauza RTX 3060 iliyotumika, anasema nichukue na boksi la nje la kuiwekea kadi nichomeke kwa USB-C mambo yameisha. Nimtumie pesa? Na kama sio hio basi nichukue gani?*
— Mpiga video, Langoni

Waleikum salaam ndugu yangu. Pesa usitume bado. Kadi ya jamaa ni nzuri sina shida nayo, ila kwa ulivyoeleza sidhani ugonjwa wako unatibiwa na kadi.

Fanya hivi kwanza. Shusha programu ya bure inaitwa MediaInfo, ifungulie klipu moja ya kamera mpya, alafu tafuta sehemu mbili: penye 4:2:0 au 4:2:2, na penye biti 8 au biti 10, hizo ni namna kamera ilivyohifadhi rangi. Ukikuta 4:2:0 biti 8 uko salama kiasi, grafiki ya ndani ya laptopu yako, hio UHD 620, inaweza kuifungua video ya namna hio yenyewe bila kuisumbua prosesa. Lakini kamera nyingi za saa hizi zinapiga 4:2:2 biti 10, na kama ndio hio iliyobanwa kwa mtindo wa H.264 basi UHD 620 haiwezi kuifungua, na RTX 3060 nayo haiwezi! Nvidia, watengenezaji wa hizo RTX, walianza kufungua 4:2:2 kwenye kadi za RTX 50 zilizotoka 2025. Kwa hio utatoa pesa, boksi litavuka kutoka Mokowe, utachomeka, na klipu itakwama vile vile kwa sababu kazi ya kuifungua bado iko kwa prosesa yako ya wati 15, na hio ina koa 4 tu maskini.

Dawa ya hapo ni proksi na haina gharama. Ndani ya Resolve chagua klipu zote, mwambie azitengenezee proksi, yaani nakala ndogo nyepesi, iache laptopu imechomekwa usiku ifanye kazi, asubuhi unaediti zile nyepesi na ukifika mwisho wa kutoa video yeye mwenyewe anarudi kwenye zile asili za 4K. Ubora haupotei. Watu wanaona uvivu kusubiri usiku mmoja lakini wako tayari kusubiri mzigo wa Mombasa wiki nzima, sijui kwa nini.

Na ramu 8 kwa 4K ni kidogo jamani. T480 ina soketi mbili za ramu, kama ya kwako iko kijiti kimoja cha 8 ongeza cha pili kama hicho. Faida yake ni mbili, kwanza Resolve inapata nafasi, pili UHD 620 haina memori yake inaazima ya mashine, na vijiti vikiwa viwili inasomewa kwa njia mbili kwa pamoja. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na boksi.

Haya, tuseme umefanya yote hayo, klipu zinacheza, lakini ukianza kupaka rangi na kuweka efekti mashine inalia. Hapo ndio kadi ina kazi maana Resolve inategemea sana kadi kwa mambo ya rangi. Sasa tuangalie tundu.

T480 ina matundu mawili ya USB-C ubavuni, yanafanana kabisa, yote yanachaji, ila moja tu ndio Thunderbolt 3, tundu la kasi linalokubali kadi ya nje, lenye kialama cha radi. Ukichomeka boksi kwa lile lingine hakuna kitakachoonekana na utasema umeuziwa kitu kibovu. Thunderbolt 3 wanaiandika gigabiti 40 kwa sekunde lakini data ya kadi inapata kama 22 hivi, wakati kwenye desktopu kadi hio hio ikikaa kwenye njia zake 16 za data za ubao mama, PCIe 3.0, inapata zaidi ya 120. Ni kama kichochoro chenu hapo, mzigo uwe mkubwa vipi punda wanapita mmoja mmoja. Ndio maana kadi ikiwa kubwa zaidi unachopoteza nacho ni kikubwa zaidi. Alafu picha ukiirudisha kwenye skrini ya laptopu inarudi kwa kebo ile ile na kula nafasi, kwa hio tafuta monita, hata ya mtumba, uichomeke kwenye kadi moja kwa moja. Kebo nayo iwe fupi, zile za kawaida zikizidi nusu mita nyingi zinashuka hadi gigabiti 20. Na kabla ya yote weka sasisho la firmware (programu ya ndani) ya Thunderbolt ambalo Lenovo walilitoa kwa ThinkPad za miaka ile, ni muhimu hata kama hutanunua boksi maishani.

Boksi lenyewe sasa. Mfano Razer Core X, lilitoka 2018 kwa dola 299 huko Marekani, na hapo hamna kadi ndani, boksi tupu! Lina pawa saplai ya wati 650 na linaichaji laptopu kwa kebo hio hio moja. Yako mengine ni ubao tu, unatafuta pawa saplai ya desktopu mwenyewe, ni rahisi lakini kila kitu kiko wazi, na nyie mko baharini. Hewa ya chumvi inaanza na skrubu na mapezi ya feni, ubao wazi kwenye dirisha linaloangalia bahari mimi nisingeuweka hata kwa kuazimwa.

Kadi ningekuwa wewe ningetafuta GTX 1660 Super. Ina memori gigabaiti 6, inakula wati 125, ni ya 2019 na kwa tundu lako inatosha. Pesa ikibana ipo GTX 1650, wati 75, nyingi hazihitaji hata waya wa ziada wa umeme, ila memori 4 kwa 4K utaihisi. Za GTX 10 kama 1050 Ti na 1060 ni rahisi kupata lakini Nvidia wameacha kuzitolea draiva za kawaida tangu 2025, zimebaki za usalama tu. Na kuna mbili usidanganywe nazo kabisa, RX 6400 na RX 6500 XT, zinauzwa kama mpya, bei tamu, lakini hazina kile kipande cha kubana video kuwa H.264 wala H.265, kwa mtu wa video ni ya nini? Ile 3060 ya jamaa nunua kama una mpango wa kuingia desktopu hivi karibuni, memori 12 itakufaa huko na kadi utahama nayo. Ila mwambie kwanza aiwashe mbele ya mtu wako, ikimbie nusu saa na gemu au jaribio zito, feni zisikike, picha isiwe na madoa, ndio pesa itoke.

La mwisho, UPS, ile betri ya kushikilia umeme. Stima zikipotea laptopu inabaki na betri yake, boksi linazima hapo hapo, na Resolve ikipoteza kadi katikati ya kazi mara nyingi inaanguka na ulichokuwa hujaseivu kimekwenda.

*Fundi mambo. Nina laptopu ya Celeron N4020, nimeona kuna kadapta unatoa kadi ya Wi-Fi unachomeka kadi ya grafiki pale pale. Nataka kucheza gemu tu. Itawezekana?*
— Kijana, Malindi

Poa. Vipo, EXP GDC ni mojawapo, na watu wamefanya. Lakini tundu la Wi-Fi ni njia moja tu, hapo unapata kama megabaiti 500 kwa sekunde, baadhi ya laptopu BIOS yake, programu ya kuiwashia mashine, inakataa kitu chochote kisicho Wi-Fi, na N4020 ina koa 2 ambazo gemu za sasa zitazimaliza kabla kadi haijaamka. Gharama ya kadapta na pawa saplai na kadi ukijumlisha unapata desktopu ya ofisi ya mtumba yenye i5, weka ndani GTX 1650, ucheze. Hakikisha tu unachukua ile ya boksi kubwa, zile nyembamba zinataka kadi fupi za kimo kidogo na kuzipata ni kazi.

*Shikamoo fundi, MacBook Air yangu ya M1 nichukulie boksi gani?*
— Mwanafunzi wa kike, Watamu

Marahaba mwanangu. Hakuna. Mac za Intel zilikuwa zinakubali tangu 2018, za M1 na zilizofuata macOS haizikubalii kadi za grafiki za nje, hata boksi likiwa la bei gani. Ukiuziwa kwa maneno mengine rudisha.