Usinunue pampu ya petroli kabla hujaisikiliza

Ndugu yangu, ngoja kwanza. Umesema asubuhi gari haliwaki mpaka ufungue ufunguo na kuufunga mara tatu, kisha kutwa nzima linakwenda bila taabu, na fundi amekwambia pampu imekufa. Pampu iliyokufa haifufuki kwa kuchezea ufunguo.

Kwenye gari la injekta (vile vipua vinavyopuliza petroli ndani ya injini), pampu ni mota ya umeme iliyozama ndani ya tangi, na haijiamulii kitu. Ukifungua ufunguo bila kupiga starta, kompyuta ya gari inaamsha relei, yaani swichi ya umeme ya pampu, na pampu inalia nguuu kama sekunde mbili, halafu kimya. Hapo imejaza presha kwenye paipu. Ukipiga starta, sensa ya krenki inaiambia kompyuta kuwa injini inazunguka, na pampu inaendelea kupewa umeme. Injini ikizimika, hata kwa ajali, umeme wa pampu unakatwa ili petroli isimwagike.

Injini nyingi za aina hii zinataka presha ya baa 3 hivi. Ukizima gari, presha hiyo inazuiwa na valvu ndogo mdomoni mwa pampu. Valvu ikichoka, usiku petroli inarudi tangini, na asubuhi kila ukifungua ufunguo unaongeza sekunde mbili nyingine. Naona ndiyo yako hayo, au kuna injekta inayodondosha. Fundi afunge geji ya presha kwenye paipu ya petroli, azime gari, atazame sindano inavyoshuka. Ikiwa ni valvu, huenda ukabadilisha pampu nzima, lakini utakuwa umenunua ukijua sababu.

Mimi nilinunua kwa kubahatisha. Nilikuwa na Probox, nabeba watu Malindi hadi Gongoni. Jua likikaza, gari linazima nikishapita daraja la Sabaki. Nikikaa nusu saa chini ya mwembe, linawaka. Fundi wa kwanza hakupima chochote, akasema pampu. Nikatoa pesa, ikafungwa nyingine, na wiki hiyo hiyo nikazimikiwa Mambrui na abiria wanne na matenga ya samaki. (Samaki hawasubiri fundi.)

Fundi wa waya ndiye aliyeniokoa. Alichomoa soketi ya pampu akapima: volti 12, safi. Wengi huishia hapo. Yeye akairudisha soketi, akapima pampu ikiwa inazunguka: volti 8 na kitu. Umeme ulikuwa unapotelea njiani. Akaufuata waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi la gari, mpaka kwenye boliti yake kwenye bodi, akakuta kutu ya kijani. Gongoni ni mashamba ya chumvi, na upepo wa kusi unaifikisha chumvi hiyo kila pahali. Kamba hukatikia pembamba. Msasa, boliti mpya, grisi kidogo, basi. Pampu yangu ya kwanza ilikuwa nzima.

Nikakoma pia kutembea na taa ya dashibodi inayoonya petroli inaisha ikiwaka, maana petroli ile ile ndiyo inayoipoza mota ya pampu.

Wakati wa kufungua paipu usikaribie sigara wala injini ya moto, kwani presha hubaki ndani hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kesho asubuhi, kabla ya starta, sikiliza upande wa tangi, ufunge geji, kisha uandike hapa imesoma ngapi.