Niliandika 12.10 kwenye kioo: siku yangu ya kwanza katika mbio za braketi

Gari langu ni Toyota Fielder ya injini ya 1.5, otomatiki. Ndilo linalobeba mzigo wa dukani, ndilo linalopeleka watoto shule, na Jumapili tunabanana humo sote kwenda kanisani. Nauza vipuri hapa Nakuru, na tangu habari ienee kwamba nilishindana na Subaru Forester ya turbo, yaani yenye kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, nikaishinda, wateja wananiuliza swali moja tu: "Mama, ulilifunga nini?" Sikulifunga chochote. Nilibadilisha oili, nikajaza upepo, nikaacha nyumbani viti vya watoto na takataka za kwenye buti, basi. Naandika haya kwa sababu najua wako wengi wanaoupenda mchezo wa magari lakini wamejitoa wenyewe kabla ya kuanza, wakidhani gari walilo nalo halifai.

Utotoni tulikimbia kutoka lango la shule mpaka kwenye mjakaranda. Mdogo wetu alipolalamika kwamba tunamwonea, tulimtanguliza hatua kadhaa, na hapo mbio zikawa tamu kwa sababu hakuna aliyejua nani atafika kwanza. Mbio za braketi ni hivyo hivyo, ila mtangulizo unapimwa kwa mitambo. Kabla ya kushindana kila dereva anatangaza gari lake litamaliza njia kwa sekunde ngapi, na namba hiyo inaandikwa kwenye kioo kwa rangi nyeupe ya viatu, ile ya kupaka raba za shule. Mwenye gari la polepole anawashiwa taa ya kijani mapema, kwa tofauti ya namba hizo mbili. Kila mmoja akitimiza alichoandika, mnafika mwisho bega kwa bega, hata kama mmoja ana Fielder na mwenzake ana turbo.

Sasa mtu mjanja atasema: basi nitaandika namba kubwa, nitangulizwe sana. Haiwezekani. Ukimaliza kwa muda mfupi kuliko ulioandika, umevunja muda, na umeshindwa hata ukifika kwanza. Mkivunja nyote wawili, anayeshinda ni aliyevunja kidogo. Kwa hiyo namba ya kioo ni neno lako mbele ya watu. Unatakiwa kulijua gari lako kwa ukweli, si kulisifu wala kulificha.

Mchezo wenyewe ni wa Marekani. Chama chao kikubwa cha mbio hizi za mstari mnyoofu, NHRA, kilianzishwa mwaka 1951, na mtindo wa braketi ulishika huko miaka ya 1970, kwa sababu uliwapa watu wenye magari ya kawaida nafasi ya kushindana bila kumwaga pesa. Sisi watu wa kaunti hii tumezoea mchezo wa vumbi. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 ilipita hapa hapa kwetu, Naivasha na Elmenteita. Kusimama kwenye lami, kusubiri taa, na kila kitu kuisha ndani ya sekunde kumi na mbili, kwangu kilikuwa kitu kigeni kabisa.

Tulikimbia kwenye kipande cha lami cha mtu binafsi nje ya mji, kwa ruhusa yake, na gari la wagonjwa likiwa limeegeshwa pale tangu asubuhi. Njia kamili ya mchezo huu ni robo maili, yaani mita 402, lakini lami ile haikutosha na nafasi ya kupunguza mwendo, kwa hiyo tulikimbia nusu yake, mita 201. Kabla ya yote kuna ukaguzi. Walitazama kama betri imefungwa imara, kama oili inavuja, matairi yana hali gani, mkanda unashika, helmeti inatosha. Kijana aliyekagua langu alipitisha mkono chini ya kiti cha dereva akatoa chupa ya maji ya nusu lita, ya mwanangu. Akaishika mbele yangu akasema, "Mama, hii ingeingia chini ya pedeli ya breki." Sikuwa na la kujibu. Toa kila kitu kisichofungwa ndani ya gari, hata kalamu.

Halafu asubuhi nzima ni ya kupima. Hapa ndipo nataka usikilize, maana ndipo wageni wengi wanapopoteza siku yao. Zile mbio za majaribio si za kufurahisha watazamaji. Ni za kulisoma gari lako. Nilichukua daftari la shule la binti yangu nikachora mistari, na kila nikirudi na slipu ya muda niliandika saa, kiasi cha mafuta kwenye tangi, upepo wa matairi, na kama injini ilikuwa imepumzika au la. Mbio ya kwanza nilipata 12.58. Nilikuwa nimesahau kiyoyozi kikiwaka. Ya pili, kikiwa kimezimwa, 12.16. Ya tatu 12.12. Slipu inakuonyesha pia ulitumia muda gani kwenye mita 18 za mwanzo, na hizo mita 18 ndizo zinazosema ukweli: kama namba hiyo inarukaruka, tatizo ni mguu wako na jinsi unavyoondoka, si injini. Yangu ilipoanza kufanana mara mbili mfululizo, niliandika 12.10 kwenye kioo.

Palikuwa na kijana aliyetoka Kisumu na muda wake tayari, ameupima kwao kwa simu, na hakutaka kuubadilisha. Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru ni kama 1,850. Hewa yetu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake kila unapopanda mita 300. Gari lake lilikuwa zito siku nzima na yeye akidhani mafuta aliyojaza njiani ni mabaya. Namba ya kwenu iache kwenu. Na hata hapa Nakuru, gari la saa mbili asubuhi, baridi ikiwa bado imelala bondeni, si gari la saa nane mchana jua likiwa limepanda na upepo umeanza. Ndiyo maana nasema daftari.

Taa nazo zina mambo yake. Zimepangwa kwenye nguzo, na Wamarekani huziita mti wa Krismasi. Juu kabisa kuna taa mbili ndogo: ya kwanza inawaka ukikaribia mstari, ya pili ukifika pale hasa pa kuanzia. Sogea polepole sana. Taa ya pili ikiwaka tu, simama hapo hapo, na kila mbio usimame vivyo hivyo, kwa sababu ukiisogelea leo sentimita kumi zaidi ya jana umebadilisha muda wako bila kujua. Kisha zinashuka taa tatu za manjano, nusu sekunde baina ya moja na nyingine, halafu kijani. Ukiondoka mapema, nyekundu, na umetoka.

Mimi nilisubiri kijani. Mtu yeyote aliyelelewa kuheshimu taa za barabarani atafanya hivyo. Slipu ikaniambia nimechelewa kwa 0.512, nusu sekunde nzima. Mzee mmoja fundi, ambaye namheshimu kwa sababu hasemi sana, alinieleza: macho yanaona, ubongo unaelewa, mguu unakanyaga, gari linainuka, na hayo yote yanakula muda. Gari kama lako, akasema, liondoke ukiiona ile manjano ya mwisho. Nilimwamini kwa shida. Nikajaribu: 0.204. Moyo ulikuwa unapiga kana kwamba nimeiba kitu, lakini taa haikuwa nyekundu.

Jambo dogo kabla sijasahau. Mahali pengine humwaga maji karibu na mstari ili wenye matairi maalumu wachome tairi, yaani walizungushe papo hapo mpaka lipate moto, lipate kushika. Ukiwa na matairi ya kawaida, zunguka hayo maji. Yanaingia kwenye michirizo ya tairi, unayabeba mpaka mstarini, unateleza.

Mbio za mchujo zikaanza, na wa kwanza wangu alikuwa ni mwenye Forester. Kioo chake kiliandikwa 9.80. Tofauti yetu sekunde 2.30. Niliondoka peke yangu, njia yote ni yangu, na hiyo ni hali ya ajabu: unaisikia injini yako tu, halafu kwa mbali nyuma unasikia mngurumo unakuja. Karibu na mwisho alinipita. Watu wakapiga mayowe. Nilirudi taratibu nikijua nimeshindwa, mpaka nikapewa slipu. Mimi nilikuwa nimetumia 12.14. Yeye alitumia 9.73, sehemu saba za mia chini ya alichoandika. Amevunja muda. Nililia kidogo ndani ya gari, sioni aibu kusema.

Raundi ya pili nilishindwa, na kushindwa huko ndiko kulikonifundisha zaidi, kwa hiyo nitakueleza kwa namba. Mpinzani alikuwa na Probox, mtu mzima mtaratibu sana, kioo chake 11.60. Tulikaa kwenye foleni karibu saa moja, injini ikapoa, wingu likafunika jua, na upepo ukageuka ukawa unatusukuma mgongoni. Yote hayo niliyaona. Sikubadilisha namba, ingawa ruhusa ilikuwepo. Niliondoka vizuri, 0.148. Yeye alichelewa, 0.310. Njiani nilimwona kwenye kioo cha pembeni, yuko nyuma, na hofu ikanishika kwamba atanipita kama yule wa kwanza, nikaukandamiza mguu mpaka mwisho. Nilivuka mstari mbele yake kama urefu wa magari mawili. Slipu: 12.03. Yeye 11.69.

Tulipoegesha, yule bwana alikuja akanipa mkono, akaomba slipu yangu, akaiweka kwenye boneti kando ya yake. Akatoa kalamu. "Tazama, dada yangu," akasema, akajumlisha na kutoa pembezoni mwa karatasi. Nilikuwa mbele yake kwa 0.322. Nilihitaji kupoteza 0.07 tu ili nisivunje muda, na bado ningemwacha robo sekunde. Kuinua mguu kidogo, au kugusa breki mita chache kabla ya mstari, kungetosha. "Ukimwona mwenzako yuko nyuma na hawezi kukufikia, huna haja ya mafuta tena," akaniambia. "Macho yako yawe kwake, si kwenye mstari." Akanionyesha jinsi ya kugeuza kichwa mapema, mara mbili, kabla ya theluthi ya mwisho ya njia.

Kuhusu pesa, niko wazi hata kama ni biashara yangu. Kuna fundi aliyeniambia, wiki moja kabla, kwamba bila kubadilisha ekzosi na kichujio cha hewa nitaaibika. Kama ningemsikiliza ningetumia pesa ya karo, na gari lingekuwa jipya machoni pangu asubuhi ile ile niliyohitaji kulijua. Kwa mchezo huu nunua kipimo cha upepo kinachosema kweli, helmeti nzuri, brekipedi zikiwa zimeisha. Ukija dukani kwangu nitakuambia hivyo hivyo.

Na vijana wa usiku, nawaomba. Najua mnapimana kwenye barabara kuu ya kwenda Eldoret, najua na saa. Vipuri vya magari hayo huja kutafutwa kwangu baadaye, na si mara zote anayevitafuta ni mwenye gari. Wakati mwingine ni baba yake. Kule barabarani hakuna anayekutangulizia taa, wala hakuna anayekupima kwa haki, na lori linalotoka Salgaa halijui kama mnashindana. Tafuteni wenzenu, mwombe mwenye lami, mlipie gari la wagonjwa kwa kuchangishana. Sisi tulifanya hivyo.

Ukija mara ya kwanza, mwambie mwandikishaji kwamba wewe ni mgeni. Watakupa mtu wa kukuongoza mpaka kwenye mstari. Ukimaliza mbio, punguza mwendo polepole ndani ya njia yako, wala usikate mbele ya mwenzako hata kama njia ya kurudi iko upande wake. Funga breki ukiwa umenyooka. Chukua slipu yako kabla hujashuka kupiga picha.

Zile slipu nimezibandika kwenye daftari kwa gundi, zote sita, ile ya 12.03 ikiwa na hesabu ya yule bwana wa Probox pembeni. Chini yake nimeandika upepo ulitoka upande gani.